Ungana na anayejua usichokijua

Ukitafuta mshirika wa biashara, usimkimbilie yule mnayefanana kila kitu. Mafundi cherehani wawili wakiungana, wote watashona na madeni hayana wa kuyafuatilia. Lakini fundi akimpata mtu anayejua kupanga bei, kuchukua vitambaa vya jumla Kariakoo na kuwakumbusha wateja wamalizie hela, kazi inasonga kweli.

Sasa lile ambalo watu hulionea aibu, hasa ndugu na wanandoa: mgawo. Andikeni mapema, tafadhali. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, msipopatana vinginevyo faida hugawanywa sawa kwa sawa, hata kama mmoja alileta mtaji mkubwa zaidi. Na kila wiki fungueni daftari pamoja, kila mmoja aone kilichoingia na kilichotoka.