Swali la pili: "Kwa sababu gani?"

Walimu wenzangu wa jiografia, mkitunga jaribio kwenye Google Forms (fomu za maswali za mtandaoni), kila swali lifuatisheni na jingine: "Kwa sababu gani?" Chaguo zake zitoeni kwenye makosa ya madaftari ya wanafunzi wenu wenyewe. Mfano wa hapa Mbeya: kati ya Januari na Julai, mwezi upi una baridi zaidi? Wote watapata Julai, maana wanakuja darasani na masweta. Sababu ndiyo inayowafichua. Kwangu wengi walichagua "dunia iko mbali na jua", na kosa hilo ni gumu kung'oa, kwa kuwa mwanzoni mwa Julai dunia kweli iko mbali zaidi na jua, kama kilomita milioni 152. Waulizeni basi: mbona mwezi huohuo Ulaya wako kwenye majira ya joto? Hapo ndipo mhimili wa dunia ulioinama unapoanza kueleweka. Njia hii haisaidii kompyuta moja ikizungukwa na wanafunzi watano, wala sababu sahihi ikiwa ndefu kuliko nyingine. Wataiotea kwa urefu wake. Intaneti ikikata, yaandikeni maswali yaleyale ubaoni, wajibu kwenye vikaratasi.