Stempu za pembetatu: anzia Nyassa, ndipo uende Rasi

Mimi ni fundi saa hapa Mtwara, na kioo ninachobana jichoni kutazama magurudumu ya saa ndicho ninachokagulia stempu. Ukitaka kukusanya za pembetatu za enzi za ukoloni, anza na jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma. Kampuni ya Nyassa, iliyotawala kaskazini mwa Msumbiji chini ya Wareno, ilitoa mwaka 1924 stempu za pembetatu za kudai malipo ya barua zilizopungukiwa. Zina twiga, zina pundamilia. Bei yake haiumizi, na zitakuzoesha kazi: shika kwa kibano butu, kamwe si kwa vidole. Ncha ikishakunjika, imekunjika.

Mkono ukitulia, ndipo utafute za Rasi ya Tumaini Jema, koloni la Waingereza kusini mwa Afrika. Hizo ndizo pembetatu za kwanza duniani, zilizotoka tarehe 1 Septemba 1853: peni 1 nyekundu ya tofali na peni 4 ya buluu. Charles Bell alichora, kampuni ya Perkins, Bacon ya London ikachapa kwa bamba la chuma. Hazikuwa na vitundu vya kuchania. Zilikatwa kwa mkasi. Kwa hiyo tazama kingo kwanza. Pande zote tatu zibaki na ukanda wa karatasi usiochapwa. Iliyokatwa ikaingia kwenye mchoro mimi huirudisha, hata rangi iwe nzuri vipi.

Kisha iinamishe kwenye mwanga: wino wa bamba la chuma huinuka kidogo juu ya karatasi. Igeuze kifudifudi juu ya kitu cheusi, utafute alama ya nanga iliyomo ndani ya karatasi. Mimi niliwahi kununua peni 4 kwa haraka; wino ulikuwa bapa kama wa gazeti, nanga hakuna. Pesa ya miezi miwili ilikwenda.

Ila zipo halisi zisizo na nanga. Mwaka 1861 akiba iliisha, mchapaji Saul Solomon akachapa nyingine palepale Cape Town, mistari yake mikavu na minene. Kipande cha kuchapia cha kila thamani kiliingia kimakosa kwenye bamba la thamani nyingine, ndiyo maana ipo peni 1 ya buluu na peni 4 nyekundu. Ukiuziwa hizo, dai cheti cha wataalamu kabla hujatoa hata senti.

Usizibandike kwa gundi. Unyevu wa pwani huleta madoa ya kahawia, basi albamu isimame wima, isilazwe, na kiangazi uifunue asubuhi, mbali na jua, kurasa zipate hewa.