Jinsi ya kulinganisha kodi ya gari ya mwaka kati ya nchi na nchi bila kujidanganya

Kwenye grupu letu la familia kuna ubishi hauishi. Kaka yupo Uingereza anatamba analipa paundi 35 tu kwa mwaka, shemeji alie Ujerumani anasema yeye yuro 80, alafu sisi wa Dar tunaambiwa tuna bahati maana hatulipi kabisa. Eti hatulipi! Hapo ndo watu wengi wanapopigwa, kwahiyo ngoja nieleze mi navopiga hesabu zangu, we fungua kalkuleta ya simu twende.

Kwanza usilinganishe nchi, linganisha gari moja. Ukisema "gari dogo" umeshapotea maana kila nchi ina kipimo chake. Andika pembeni cc za injini, petroli au dizeli, mwaka lilipoandikishwa mara ya kwanza kabisa (sio mwaka ulionunua wewe), na gramu za kaboni linazotoa kwa kilomita. Uzito nao uandike kama unataka kuigusa Uholanzi, wale wanakata kwa uzito, aina ya mafuta na hata mkoa unaokaa.

Tuchukue gari la petroli, cc 1500, la mwaka 2015, gramu 120.

Ujerumani ndo rahisi kupiga mwenyewe. Kila cc 100 za petroli ni yuro 2, kwahiyo 15 mara 2 unapata 30. Alafu kila gramu inayozidi 95 unaongeza yuro 2, hapo zimezidi 25 unapata 50. Jumla 80, shemeji hakudanganya. Lingekuwa dizeli, kila cc 100 ni yuro 9.50 badala ya 2, yaani ile 30 inageuka 142.50 kabla hujagusa gramu.

Uingereza kwa gari la 2015 wanaangalia gramu tu, na wana ngazi. Gramu 120 iko ngazi ya paundi 35, gramu 121 inaruka hadi zaidi ya paundi 150. Gramu moja jamani! Na tarehe nayo ni mtego, magari yalioandikishwa kuanzia tarehe 1 Aprili 2017 yako kwenye utaratibu mwingine, ukishapita mwaka wa kwanza unalipa bei moja kwa wote, paundi 195 kwa mwaka wa kodi ulioanza Aprili 2025, na kama gari lilikuwa na bei ya zaidi ya paundi 40,000 wanakubebesha nyongeza kwa miaka mitano. Kwahiyo magari mawili pacha, moja la Machi 2017 lingine la Aprili 2017, yanaweza kulipa tofauti kama mbingu na ardhi. Ndo maana nasisitiza tarehe.

Japani wanatazama cc. Gari letu ni yen 34,500 kwa mwaka, ila likifikisha miaka 13 inapanda mpaka 39,600. Sisi tumezoea kwamba gari likichoka na gharama za serikali zishuke, kule kinyume, alafu kuna ukaguzi wa kila miaka miwili ambao nao unakula hela ndefu. Sasa unajua moja ya sababu zile IST na Vitz zinatufikia bandarini zikiwa bado zinang'aa, mwenyewe kakimbia gharama.

Sasa hatua ya pili, na hii ndo yenye nyama. Serikali ina milango mitatu ya kukudaka: karatasi ya mwaka, pampu ya mafuta, na siku ya kununua gari. Ukiangalia mlango mmoja tu unajidanganya. Ufaransa waliifuta kodi ya mwaka kwa magari ya watu binafsi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ila ukiandikisha gari jipya lenye moshi mwingi wanakukaanga palepale. Denmark sehemu ya juu ya bei ya gari inatozwa asilimia 150, umesoma vizuri, 150.

Kwahiyo weka lita. Mi natumia lita 30 kwa wiki, ambazo kwa mwaka ni 1,560. Kaka anaesifia paundi zake 35, ushuru wa mafuta Uingereza kwa kiwango kilichowekwa Machi 2022 ni peni 52.95 kwa lita, zidisha na lita zangu unapata kama paundi 826. Shemeji, Ujerumani ni senti 65.45 kwa lita, inakuja yuro 1,021. Ile 80 ni chenji tu.

Na sisi? Rodi laisensi ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, gari la cc 1500 lilikuwa linalipa 150,000 kwa mwaka. Ila bajeti hiyohiyo iliongeza shilingi 40 kwenye kila lita. Lita 1,560 mara 40 ni 62,400, kwahiyo kwa mtu kama mimi kweli nafuu. Dereva wa teksi anaechoma lita 15 kwa siku, siku 300, anafika lita 4,500, hiyo ni 180,000, kazidi ya zamani. Gawa 150,000 kwa 40 utaona mpaka uko lita 3,750, chini ya hapo umepona, juu yake umeumia. Na hiyo 40 ni kile kipande kilichochukua nafasi ya laisensi tu, kodi nyingine kwenye lita zipo palepale.

Kenya wana hadithi kali zaidi. Mswada wa fedha wa 2024 ulitaka asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isipungue shilingi 5,000 za kwao na isizidi 100,000. Gari la laki nane lingelipa 20,000. Fanya hesabu ya juu uone utamu, gari la milioni 4 linafika 100,000, na la milioni 20 nalo linalipa 100,000 hiyohiyo. Wananchi wakaja juu, ikaondolewa mwezi Juni. Julai tozo ya barabara ikapanda kutoka shilingi 18 kwenda 25 kwa lita. Hizo 7 kwa lita zangu ni 10,920 kwa mwaka, inatoka kidogokidogo kila ukijaza tenki wala huisikii.

Gari la umeme hesabu ya lita hailigusi, ndo maana nchi zinarudi kwenye karatasi. Uingereza wameanza kuyatoza Aprili 2025, Texas wanachukua dola 200 kwa mwaka juu ya ada ya kawaida. Na Marekani usiseme "Marekani", taja jimbo, maana Texas ada ya msingi ni dola 50.75 wakati Virginia wanatoza kwa thamani ya gari, na kiwango kinategemea unakaa kaunti gani.

Ukimaliza, usikimbilie kubadili kila kitu kuwa shilingi ya kwetu. Gawa jumla kwa kipato cha siku cha mtu wa kulekule, upate siku ngapi anafanya kazi kulipia gari. Kaka nilimpigia hivo, akasema network inasumbua.