Kuvua trauti Mto Sagana na vijito vyake, hatua kwa hatua

Mvuvi aliyezoea ziwa akifika Mlima Kenya hutembea wima hadi ukingoni, hurusha mshipi katikati ya mto, kisha husubiri. Trauti, samaki wa maji baridi, wamekwisha kumwona na kujificha. Mito ya mlima huu, yaani Sagana, Thego, Ragati, Thiba na Naro Moru, humlipa anayejua samaki amelala wapi na anayemfikia bila kumshtua. Mengine ni ya kusaidia tu.

1. Ruhusa na usalama. Kata leseni ya uvuvi kabla ya safari. Ndani ya hifadhi ya Mlima Kenya utalipa pia kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori. Nje yake, msituni, wasiliana na ofisi ya misitu. Nenda na askari au mwenyeji anayeujua msitu. Mlio wa maji humeza sauti zote, na nyati hatakusikia mpaka mmekutana uso kwa uso. Ukiona kinyesi cha tembo ambacho bado kinafuka mvuke, rudi.

2. Wakati. Januari na Februari ni miezi mizuri. Masika, kati ya Machi na Mei, na vuli, kuanzia Oktoba, mto huweza kugeuka tope kwa usiku mmoja. Hata hivyo usiuchukie mto uliochafuka: maji yanapoanza kutakata, yakiwa na weusi kidogo, trauti hula bila woga. Kiangazi kikali mito ya Naro Moru na Burguret hupungua sana huku chini kwa sababu ya maji yanayovutwa mashambani, basi panda juu karibu na msitu. Beba kipimajoto. Maji yakizidi nyuzi 20 trauti hukosa hewa, waache wapumzike.

3. Vifaa. Fimbo ya futi 7 au 8, ya mshipi wa uzito namba 3 au 4, inatosha mtoni. Kwenye vijito chukua fupi zaidi. Katika uvuvi huu uzito wa kurusha uko kwenye mshipi wenyewe, maana chambo ni manyoya na nyuzi zilizofungwa juu ya ndoano ndogo, namba 12 hadi 16. Mwisho wa mshipi funga uzi mwembamba usioonekana, wenye urefu unaokaribia ule wa fimbo. Bana kijino cha ndoano kwa koleo ili samaki mdogo atoke bila kuchanika.

Kabla ya kuchagua chambo, geuza jiwe moja majini. Utaona wadudu wachanga wameng'ang'ania chini yake. Chagua chambo kinacholingana nao kwa ukubwa na rangi, halafu rudisha jiwe lilivyokuwa.

4. Kusoma maji. Hapa usiwe na haraka. Trauti huelekeza kichwa mkondo unakotoka, akingoja chakula kiletwe. Anataka mahali pa kupumzika dhidi ya nguvu ya maji, palipo karibu na njia ya chakula, na penye maficho. Tafuta nyuma ya jiwe kubwa, na mbele yake pia, kwani maji hutulia kidogo kabla ya kuligonga. Tafuta mstari ambapo maji ya kasi yanapakana na ya pole, povu litakuonyesha. Tafuta chini ya ukingo uliolika na pale maporomoko madogo yanapomwagikia bwawa.

Trauti wa kahawia, ambao mayai yao yaliletwa kutoka Loch Leven, Scotland, na kupandwa Mto Gura mwaka 1905, hupenda kivuli na kina. Yule wa upinde wa mvua, mwenye mstari wa waridi ubavuni na madoa mkiani, huvumilia maji ya kasi zaidi.

5. Kumkaribia. Mjie kutoka upande wa chini wa mto, yaani nyuma yake. Inama, vaa nguo za rangi ya majani makavu, na kivuli chako kisitangulie. Anza na maji yaliyo karibu nawe, kisha songa juu kidogo kidogo.

6. Kurusha. Tupa chambo upande wa juu wa mto, kabla ya mahali unapomdhania samaki, kishuke kwa mwendo uleule wa povu. Mshipi ukikivuta, samaki hukikataa. Inua fimbo na kukusanya mshipi unaolegea. Ukiona mshipi umesita ghafla, inua mara moja.

7. Vijitoni. Mianzi na matawi hayakupi nafasi ya kurusha nyuma. Vuta mshipi polepole hadi ulegee kando ya bega lako, kisha sukuma fimbo mbele kwa mkato. Mshipi utajikunjua juu ya maji. Kila kibwawa mitupo miwili au mitatu, kisha sogea. Usikanyage changarawe safi: trauti hupanda vijitoni kutaga humo, na buti moja huponda mayai mengi. Kwa sababu hiyo samaki wa vijitoni mimi huwarudisha wote, na ningependa nawe ufanye hivyo.

8. Kumwachia au kumchukua. Lowesha mikono kabla ya kumshika, maana mkono mkavu humtoa ute unaomkinga. Mshikilie majini kichwa kikielekea mkondo unakotoka mpaka aondoke mwenyewe. Unayemchukua kutoka mto mkubwa, mpige kichwani papo hapo, mtoe matumbo, mfunike kwa majani mabichi yenye unyevu. Mfuko wa plastiki humchemsha kabla hujafika nyumbani.