Namna ya Kuchagua Feni Tulivu za Kasha la Kompyuta katika Joto la Dar es Salaam

Feni ya kasha haitengenezi ubaridi. Kazi yake ni kutoa nje hewa iliyokwisha kupata joto na kuingiza nyingine kutoka chumbani, kwa hiyo kompyuta haiwezi kuwa baridi kuliko chumba ilichomo. Chumba kisicho na kiyoyozi hapa Dar es Salaam hufika nyuzijoto 32 mchana wa Februari, na mtu anayefuata vipimo vilivyopatikana katika chumba cha nyuzi 21 huko Ulaya anapaswa kuongeza nyuzi kama kumi na moja juu ya kila namba anayoisoma. Ndiyo maana wengi wetu huishia kununua feni inayozunguka kwa kasi kubwa kuliko zote dukani, tukidhani kasi ndiyo dawa, kisha tunaishi na mvumo usiku kucha.

Tupige hesabu kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Kompyuta inayotumia wati 300, ikipitishiwa hewa ya mita za ujazo 85 kwa saa, kiasi ambacho kwenye boksi la feni huandikwa CFM 50 (yaani futi za ujazo 50 kwa dakika), itatoa nyuma hewa iliyopanda joto kwa takriban nyuzi 11. Ukiongeza hewa hiyo mara mbili, ongezeko la joto litashuka hadi nyuzi 5 na nusu hivi. Ukiongeza mara mbili tena, utapata nafuu ya nyuzi zisizofika 3. Faida inapungua kila hatua, ilhali kelele inakwenda kinyume chake: feni ileile ikizungushwa kwa kasi maradufu huongeza takriban desibeli 15, lakini feni mbili zinazofanana, zikizunguka kwa kasi ileile, huongeza desibeli 3 tu juu ya kelele ya feni moja. Kwa hiyo feni mbili za mizunguko 700 kwa dakika hupitisha hewa inayokaribia ile ya feni moja ya mizunguko 1,400, na huwa tulivu zaidi kwa desibeli 12 hivi. Tofauti ya kiasi hicho haihitaji kifaa cha kupimia; sikio linaitambua mara moja.

Aliyewahi kulala chini ya pangaboi analijua jambo hili bila hesabu. Mapanga marefu yanayozunguka taratibu hujaza chumba upepo, wakati kifeni cha mezani chenye mapanga mafupi hulazimika kupiga kelele ili kitoe nusu ya upepo huo. Ndani ya kasha kanuni ni hiyohiyo: ikiwa kasha lako linapokea feni ya milimita 140, usinunue ya 120, na ikiwa linapokea ya 120, achana na za 80. Pima kwanza kabla ya kupanda daladala kwenda Kariakoo. Umbali kati ya tundu moja la skrubu na jingine katika ubavu mmoja ni milimita 105 kwa feni ya 120, na milimita 124.5 kwa feni ya 140. Unene wa kawaida ni milimita 25, na ni vyema kuhakikisha kwa rula kwamba kadi ya michoro haitagusana nayo. Wanaotumia kompyuta za ofisini zilizokwisha tumika wawe waangalifu zaidi, maana baadhi zina plagi ya mtengenezaji mwenyewe ambayo feni ya dukani haiingii bila kubadilishiwa waya.

Maandishi ya kwenye boksi yasomwe kwa tahadhari. Kiwango cha hewa kinachotajwa hupimwa feni ikiwa wazi, haina kizuizi chochote mbele yake. Kiwango cha msukumo, kinachoandikwa kwa milimita za maji, hupimwa hewa ikiwa imezibwa kabisa. Feni yako itafanya kazi mahali fulani katikati. Ile inayovuta hewa kupitia chujio na wavu mdogo wa mbele inahitaji msukumo mzuri, wakati ile ya nyuma, ambayo haina kinachoizuia, inaridhika na pungufu. Namba za desibeli mimi sizitumii kulinganisha chapa moja na nyingine, kwa sababu watengenezaji hawapimi wote kwa njia moja wala kwa umbali mmoja. Ninachotafuta ni uwezo wa kushuka: feni yenye plagi ya pini nne inayoweza kuzunguka kwa utulivu kwenye mizunguko 400 au 500 ina thamani kubwa kuliko ile inayojisifu kwa 2,500.

Pini hizo nne si pambo. Feni ya pini tatu hupunguzwa kasi kwa kupunguziwa umeme, ya pini nne hupokea amri kupitia waya wake wa nne, na ile inayochomekwa moja kwa moja kwenye waya wa pawa saplai huzunguka kwa kasi yake yote muda wote. Ukigawanya plagi moja ya bodi kuu kwa feni kadhaa, jumlisha ampea zilizoandikwa kwenye kibandiko cha kila feni. Bodi nyingi huruhusu ampea 1 kwa plagi.

Jambo linalosahaulika sana ni beringi. Nilifunga wakati fulani feni ya bei rahisi juu ya kasha, ikiwa imelala, na baada ya miezi michache ikaanza kutoa mlio mdogo wa tiki-tiki ambao mchana hausikiki, lakini usiku mtaa ukitulia unakera kupita kiasi. Nilipoitoa na kuizungusha kwa kidole, kitovu chake kilicheza kushoto na kulia kama gurudumu la toroli bovu. Beringi ya bushi ya kawaida huchakaa haraka inapolazwa na inapopata joto, kwa hiyo feni ya juu ya kasha iwe ya beringi ya mafuta yaliyofungiwa, ambayo huwa tulivu na hudumu. Dukani mwombe muuzaji aiwashe, uisogeze sikioni ikiwa katika kasi ndogo. Mota isiyo nzuri utaisikia ikigonga hapohapo.

Katika ufungaji, upande wenye mikono ya plastiki inayoshika mota ndio unaotoa hewa. Feni mbili za kuingiza mbele na moja ya kutoa nyuma zinatosha kompyuta nyingi. Hewa inayoingizwa ikizidi kidogo inayotolewa, vumbi hulazimika kupita kwenye chujio badala ya kupenya katika kila mwanya, na kwa sisi tunaokaa kando ya barabara zisizo na lami jambo hilo ni la lazima. Kuhakiki, washa kijiti cha udi na ukipitishe taratibu kando ya maungio ya kasha, ukiangalia jivu lisiangukie ndani: moshi ukisukumwa nje, mpangilio ni sahihi, ukinyonywa ndani, punguza kasi ya feni ya nyuma. Moshi ukisitasita mbele ya kioo cha mbele cha kasha badala ya kuingia, basi tatizo ni kasha lenyewe, na hakuna feni itakayolitibu. Jaribu kwanza kutoa kioo hicho usikie tofauti. Chujio nalo lioshwe kila baada ya wiki mbili wakati wa kiangazi, likaushwe kabisa ndipo lirudishwe.

Mwisho ni kupanga kasi katika BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya bodi kuu unaofunguliwa kompyuta inapowaka, na kazi hii ifanyike alasiri yenye joto, siyo usiku. Joto la prosesa huruka juu na kushuka ndani ya sekunde chache, na feni ikilifuata kila mara itavuma na kunyamaza, hali inayochosha kuliko mvumo mmoja ulio sawa. Weka ucheleweshaji wa feni kuitikia joto uwe mrefu kadiri bodi inavyoruhusu. Kisha pandisha kasi kidogo kidogo huku kiganja kikiwa juu ya kasha. Pale bati linapoanza kutetemeka, andika namba ya mizunguko na uiruke katika mpangilio wako. Ifikapo Julai, chumba kikiwa kimepoa, fungua tena mpangilio huo na ujaribu kushusha mizunguko mia moja au mia mbili.