Kutoka kwayani hadi uzamili wa muziki: nota, rekodi na maombi ukiwa Moshi au Arusha

Mwalimu wa kwaya wa Moshi au Arusha anayetaka kusoma shahada ya uzamili ya muziki kwa kawaida ana sikio zuri na uzoefu wa kuongoza watu, na sauti zote nne amezikariri. Kinachomwangusha ni vitu viwili: nota za mistari mitano na rekodi. Fomu hujazwa kwa wiki moja, lakini hivi viwili vinataka karibu mwaka mzima, kwa hiyo anza navyo.

Sifa za kuingilia tuzimalize haraka. Vyuo vingi vya nchini hutaka shahada ya kwanza yenye GPA isiyopungua 2.7 kati ya 5. Shahada ya kwanza ya muziki inapatikana hapa hapa Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, Usa River. Stashahada ya TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya Bagamoyo, inafundisha utendaji vizuri sana, lakini peke yake haikuingizi kwenye uzamili. Ukiomba nje ya nchi, andika GPA yako kama ilivyo na utaje kuwa ni kati ya 5. Usiigeuze mwenyewe iwe ya 4, kwa sababu kila chuo kina hesabu yake.

Kisha chagua mkondo: kuimba au kupiga ala, kuongoza kwaya, au utafiti wa muziki wa jamii, yaani ethnomuzikolojia. Usiombe yote matatu kwa bahasha moja, maana kila mkondo una wasahihishaji wake na vielelezo vyake.

Sasa solfa. Kwaya nyingi za kanisa huku huimba kwa d, r, m, f, s, l, t, na mfumo huo usiudharau, kwa sababu anayeuimba vizuri anasikia uhusiano wa sauti kuliko wapiga kinanda wengi. Tatizo ni kwamba uzamili unakutaka usome karatasi ya nota papo hapo na uchambue hamonia, yaani namna sauti zinavyopangana, kwa maandishi. Vyuo vingi vya Marekani hukupima nadharia mara tu unapofika. Ukishindwa, unapangiwa kozi ya kurudia misingi, na mara nyingi kozi hiyo haihesabiwi kwenye shahada.

Zoezi linalofaa kuliko yote ni kuchukua wimbo wa sauti nne unaoujua, kwa mfano kutoka *Mwimbieni Bwana*, kitabu cha nyimbo cha KKKT, na kuuandika upya kwa mistari mitano. Andika kwa mkono kwanza, kisha kwa MuseScore, ambayo ni programu ya bure na itakuchezea ulichoandika. Nyimbo mbili kwa wiki zinatosha. Juu ya karatasi ya solfa huonyeshwa d ni nota gani. Ikiwa d ni F, weka flati moja (alama ya kushusha nota nusu toni) mwanzoni mwa mstari. Nukta mbili hutenganisha mapigo, nukta moja hugawa pigo katikati, koma hukata robo, na kistari huendeleza sauti iliyotangulia.

Makosa matatu hujirudia. La kwanza ni oktavo, yaani umbali kutoka d hadi d ya juu yake. Kwa desturi ya solfa, sauti ya tatu na ya nne huandikwa oktavo moja juu ya zinavyoimbwa, ili alama ndogo za chini zisizidi. Ukizihamisha kama zilivyo, besi itapanda juu ya sauti ya pili na hamonia nzima itasomeka kimakosa. La pili ni wimbo wa maina (minor). Alama za mwanzo zinabaki zile za d, lakini nyumbani ni l. Kwa hiyo kodi (sauti zinazolia pamoja) ya l-d-m iandike kuwa ya kwanza, si ya sita, na s inapogeuka kuwa se, pandisha nota hiyo nusu toni, mara nyingi kwa alama ya shapu. La tatu ni pale wimbo unapohama ufunguo. Solfa huweka herufi mbili mahali pamoja, moja ndogo na moja kubwa. Hiyo ni sauti moja yenye majina mawili, la ufunguo wa zamani na la ufunguo mpya. Wengi huandika nota mbili hapo, na kipimo (bar) kinazidi pigo.

Kwenye rekodi, kalenda ndiyo inayoamua. Vyuo vingi vya muziki vya Uingereza hufunga maombi mapema Oktoba, na vingi vya Marekani tarehe 1 Desemba. Huo ndio wakati wa vuli, na mvua juu ya bati haitoki kwenye rekodi kwa programu yoyote. Rekodi Agosti au mwanzoni mwa Septemba, asubuhi na mapema kabla pikipiki hazijaanza.

Kanisa lenye kuta za mawe na sakafu ya saruji hutoa mwangwi mzuri kwa kwaya lakini humeza maneno ya mwimbaji mmoja. Tandika mikeka, tundika blanketi au vitenge vizito nyuma ya kamera, kisha pima tena. Kinanda kipime kwa programu ya kutyuni ya simu. Kama nota A imeshuka mbali chini ya hezi 440, mpiga filimbi au tarumbeta atapata shida kufuatana nacho, na afadhali kutumia kinanda cha umeme. Kwa mpiga piano, kinanda hicho kiwe na vitufe 88 vizito. Chenye 61 hakitoshi.

Usitegemee maikrofoni ya simu. Simu hupandisha sauti ndogo na kubana kubwa yenyewe, na msikilizaji anabaki bila kujua kama una uwezo wa kuimba kwa upole na kwa nguvu. Tumia kinasa sauti cha pembeni, umbali wa mita 2 hadi 3, juu kidogo ya kichwa, faili la WAV (sauti isiyobanwa) la 48 kHz na biti 24. Sehemu yenye nguvu kuliko zote isizidi -6 dB. Piga kofi moja mbele ya kamera kabla ya kuanza, ili baadaye uoanishe sauti na picha. Weka simu katika hali ya ndege. Kila wimbo uwe mkupuo mmoja bila kukatwa. Ukikosea, rudia wimbo wote.

Anayeomba kuongoza kwaya aweke kamera upande wa waimbaji, imwangalie yeye. Video nyingi huonyesha mgongo wa mwalimu na nyuso za kwaya, na wasahihishaji hawaoni mikono wala macho yake. Weka dakika kama kumi za mazoezi pamoja na onyesho, maana mazoezi ndiyo yanayoonyesha unavyosikia kosa na unavyolirekebisha.

Mkondo wa utafiti unataka swali dogo. “Muziki wa Wamaasai” ni mada ya maisha. Namna olaranyani, kiongozi wa nyimbo, anavyopokezana na kundi katika kijiji kimoja ni mada ya uzamili. Ukianza kukusanya data, barua ya chuo cha nchini hupitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya, kata na kijiji. Tenga wiki kadhaa kwa hilo.

Kwa ada, ufadhili wa Chevening wa Uingereza hulipia uzamili wa mwaka mmoja na hudai saa 2,800 za kazi, hivyo tunza barua za kwaya na shule ulizofundisha tangu sasa.

Video ya 1080p hula takriban megabaiti 130 kwa dakika, kwa hiyo dakika 20 ni zaidi ya gigabaiti 2.5. Ipandishe usiku, siku tano kabla ya mwisho. Ukitumia YouTube, chagua “isiyoorodheshwa”, kwa sababu ukiweka “binafsi” wasahihishaji hawataifungua. Kisha jaribu kiungo chako kwenye simu ya mtu mwingine.