Namna ya Kukusanya Kumbukumbu za Waliotangulia Kucheza Gemu za Kupakua Jijini Mbeya

Mtu anayetaka kuandika jinsi gemu za kompyuta zilivyoanza kuuzwa na kupakuliwa kupitia intaneti atakuta habari nyingi za Marekani na Ulaya, na karibu hakuna neno lolote juu ya kijana wa mitaa ya Mbeya kama Soweto au Sokomatola aliyekesha akisubiri faili moja limalizike. Habari hizo zipo, ila zimo vichwani mwa watu ambao sasa wanakaribia au wamevuka miaka arobaini: wenye maduka ya vifaa vya simu Mwanjelwa, walimu, makarani, mafundi wa kompyuta. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuwaendea, namna ya kuwauliza na, jambo ambalo limenisumbua kuliko mengine yote, namna ya kupata mwaka sahihi kutoka kwa mtu asiyekumbuka miaka.

Kabla ya kuomba miadi na yeyote, shika kwanza mfuatano wa matukio yenyewe. Steam, duka la kampuni ya Valve ya Marekani, lilifunguliwa tarehe 12 Septemba 2003, na siku zile kazi yake kubwa ilikuwa kusambaza masahihisho ya gemu kama Counter-Strike. Tarehe 16 Novemba 2004 ikatoka Half-Life 2, ambayo hata aliyeinunua kwenye diski alilazimika kuifungulia akaunti ya Steam na kuomba idhini kwa intaneti kabla ya kuicheza. Mwaka 2005 gemu za watengenezaji wengine zikaanza kuuzwa humo. Mwaka 2008 likaanza duka la GOG kutoka Poland, lililouza gemu za zamani zikiwa na faili la kusakinishia ambalo mnunuzi angeweza kulihifadhi na kulitumia bila kuomba idhini ya mtu. Ukiyajua haya, msimuliaji akikuambia kwamba alinunua gemu ya Steam mwaka 2001 hutamwona mwongo. Utatambua kwamba ameunganisha kompyuta mbili alizowahi kumiliki zikawa moja.

Usimuulize mtu moja kwa moja, "Ilikuwa mwaka gani?" Atakutajia mwaka wowote ili mwendelee. Tumia vigingi ambavyo kila mkazi wa Mbeya anavyo. Kigingi bora nilichopata ni jina la chuo chetu cha ufundi: hadi mwaka 2005 kiliitwa Mbeya Technical College, kisha kikawa MIST (Mbeya Institute of Science and Technology), na mwaka 2012 kikawa MUST (Mbeya University of Science and Technology). Majina hayo matatu yanagawa kipindi chote tunachokitafuta, na hata mtu ambaye hakusoma pale atakumbuka kaka yake alikuwa "MIST" au "Teku". (Hakikisha tu hamchanganyi, maana Teku, yaani Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji, ni chuo kingine kabisa, na nimewahi kupoteza saa nzima kwa kosa hilo.) Mgao mkali wa umeme wa mwaka 2006 na ule wa 2011 ni vigingi vizuri pia, kwa sababu aliyekatikiwa na umeme katikati ya kupakua hasahau. Uliza kama Kombe la Dunia la Afrika Kusini lilikuwa limeshachezwa, na kama ndege zilikuwa zimeshaanza kutua Songwe, jambo lililotokea Desemba 2012. Muulize vilevile rangi ya dirisha la Steam: akisema lilikuwa la kijani kilichofifia kama sare ya jeshi, anazungumzia wakati wa kabla ya 2010, maana mwaka huo mwonekano ulibadilishwa.

Ukishapata kipindi, anza na mashine wala si gemu. Kompyuta ilitoka wapi, ilikuwa sebuleni au chumbani, nani mwingine aliitumia, simu ya mezani ilikuwepo? Maswali haya yanafungua mlango wa jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalotofautisha habari ya nyanda za juu kusini na habari za kwingineko: hapa gemu "ya kupakua" kwa kiasi kikubwa ilisafiri barabarani. Piga hesabu pamoja na msimuliaji wako. Modemu ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, hata ikifanya kazi kwa kasi yake yote bila kukatika, huvuta takribani kilobaiti 7 kwa sekunde, kwa hiyo ujazo wa CD moja ya megabaiti 700 ungehitaji karibu saa 28. Hapakuwa na mtu wa kulipia saa 28 katika intaneti kafe. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na kabla yake mawasiliano ya nje yalitegemea zaidi setilaiti, yenye gharama kubwa na kasi ndogo. Ndiyo maana mafaili yalipakuliwa na ndugu aliyeko Dar es Salaam, yakachomwa kwenye diski, yakapandishwa basi na kusafiri zaidi ya kilomita 800.

Hapo ndipo penye utamu, na hapo ndipo unapopaswa kukaa muda mrefu. Diski ilifika Mbeya jioni. Idhini ya kuicheza ilikuwa bado iko kwenye seva ya Marekani. Msimuliaji mmoja alinieleza jinsi alivyofunga CPU, yaani kasha la kompyuta, kwa kanga ya mama yake na kuipandisha basi dogo la kipanya hadi mjini, akamwomba mwenye kafe amchomekee waya kwa nusu saa, akapata idhini, kisha akarudi nyumbani akaendelea kucheza bila intaneti kwa miezi mingi, akiogopa hata kubonyeza kitufe cha kuunganisha mtandao. Ukisikia habari ya namna hii, usikimbilie swali linalofuata. Uliza nusu saa ile alilipa nani, mwenye kafe alisema nini, nani alishika CPU ndani ya gari. Uliza pia kuhusu flashi: wengi watakumbuka kulikata faili kubwa vipande vipande kwa programu ya WinRAR, kwa sababu flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili linalofika gigabaiti 4.

Suala la nakala zisizo halali litajitokeza, na ni lazima lijitokeze, kwa kuwa wengi walianzia huko. Mweleze mhojiwa mapema kwamba hutaandika jina lake wala la duka alikonunua, na ulitimize hilo. Mimi huuliza hivi: "Gemu yako ya kwanza kuilipia ilikuwa ipi, na kwa nini ulianza kulipa?" Jibu la swali hilo limenipa mengi kuliko maswali yote ya lawama.

Baada ya mazungumzo, tafuta ushahidi. Mwombe mhojiwa mwenyewe afungue akaunti yake, nawe ukae pembeni. Usimwombe nywila kamwe. Wasifu wa Steam huonyesha akaunti imetimiza miaka mingapi, na ndani ya maelezo ya akaunti kuna orodha ya leseni inayotaja tarehe ambayo kila gemu iliingia, pamoja na kama iliingia kwa nambari ya diski au ilinunuliwa mle dukani. Kama akaunti imepotea, kasha la diski lenye nambari likitunzwa linaweza kumsaidia kuthibitisha umiliki kwa huduma ya wateja, kwa hiyo unapolipiga picha funika nambari hiyo kwa kidole. Risiti nyingi zimelala kwenye barua pepe za zamani ambazo hazijafunguliwa kwa miaka. Mwulize kuhusu hizo kabla hujaondoka.

Kuhusu kurekodi, simu ya kawaida inatosha, lakini usimhoji mtu chini ya bati kati ya Novemba na Aprili kama mawingu yametanda juu ya mlima Loleza: nina rekodi ya dakika arobaini ambayo ndani yake hakisikiki kitu ila mvua. Hifadhi nakala mbili mahali pawili tofauti, andika mazungumzo yote kabla wiki haijaisha, kisha mrudishie mhojiwa maandishi hayo ayasome. Mara nyingi atasahihisha mwaka, na mara nyingi zaidi atamtaja mtu mwingine aliyekuwepo siku ile, kwa kawaida yule aliyeshika CPU, ambaye ndiye utakayemtafuta baada yake.